Kupigana na Kupigwa: Umbali wa Mtunzi katika Tenzi za Vita za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna washairi wa Kiswahili walivyoikabili tajiriba ya vita katika tenzi nne: utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi vya 1888 na 1889, utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Vita vya Maji Maji, utenzi wa Shaaban Robert kuhusu Vita Kuu ya Pili, na utenzi wa Henry Muhanika kuhusu Vita vya Kagera. Hoja inayojengwa ni kwamba utanzu wa utenzi ulirithiwa ukiwa tayari umefinyangwa na vita vya mbali vilivyokwisha kwa ushindi, na kwamba kadiri mtunzi alivyosimama karibu na vita vya kweli, hasa vita vya kushindwa, ndivyo umbo hilo lilivyomwelemea. Makala yanapendekeza kuwa umbali wa mtunzi uwe kigezo cha msingi katika kuzisoma tenzi hizi.

1.0 Utangulizi

Tenzi za vita zimepata wasomaji wa aina mbili katika taaluma yetu. Wa kwanza ni wanahistoria, ambao wamezisoma kama hati. Wao huuliza iwapo jina la jemadari limetajwa sawasawa, iwapo tarehe zinaafikiana na kumbukumbu za Wadachi, na iwapo mtunzi aliyaona mambo kwa macho yake au aliyapata kwa kusimuliwa. Kazi ya José Arturo Saavedra Casco ya 2007, ambayo inazichunguza tenzi za kipindi cha uvamizi wa Wadachi kama chanzo cha historia, ni mfano mzuri wa usomaji huo, na imetufaa sana.

Wasomaji wa aina ya pili ni wahakiki wanaotafuta msimamo. Kwao swali kuu ni upande wa mtunzi: je, alikuwa mzalendo au kibaraka, mwanamapinduzi au mtetezi wa wakoloni? Usomaji huu ulishika nguvu katika miaka ya 1970, wakati vyuo vyetu vilipokuwa vikijitafutia fasihi yenye kuutumikia umma, nao ulifungua milango iliyokuwa imefungwa.

Hata hivyo, mikabala yote miwili ina upungufu mmoja. Yote huuchukulia utenzi kama chombo kitupu kinachojazwa habari au itikadi, kisha kikamiminwa mbele ya msomaji. Utanzu wowote wenye kanuni za karne nyingi hauwi mtupu hata siku moja. Una mambo uliyozoea kuyasema, na una mambo ambayo haukupata kufunzwa kuyasema. Mshairi anayetoka katika vita na kushika kalamu ili atunge utenzi anakutana na vita viwili: vile alivyoviona, na vile ambavyo umbo la utenzi linavijua tangu zamani.

Swali la makala haya ni hili: mshairi hufanya nini pale vita alivyovipata vinapokuwa havifanani na vita ambavyo utanzu wake umezoea kuvisimulia?

2.0 Mkabala: Umbali, Kauli na Kiambishi -ka-

Kwa neno umbali ninakusudia mambo matatu. La kwanza ni umbali wa mahali: je, mtunzi aliishi palipopiganwa? La pili ni umbali wa wakati: je, alitunga majivu yakiwa bado ya moto, au baada ya miaka? La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni umbali wa hasara: je, matokeo ya vita yalimnyang'anya nini yeye na watu anaowaita wenzake? Mtu aweza kukaa maili chache kutoka uwanja wa vita na bado akawa mbali kwa kipimo hiki cha tatu.

Lugha yenyewe inatupa njia ya kuupima umbali huo. Nomino vita, ambayo katika Kiswahili Sanifu hutumika kwa umbo la wingi tu, huandamana kwa kawaida na kitenzi -piga na minyambuliko yake. Tunasema kupiga vita jambo au mtu, tunasema kupigana vita, na tunasema kuwa fulani amepigwa. Katika kauli ya kutenda, mtendaji ni mmoja na mwingine ni mtendwa tu. Katika kauli ya kutendana, kiambishi -an- huwafanya wote wawili watendaji. Huenda mmoja akashinda na mwingine akashindwa, lakini wote wana mikono na silaha, na kwa hiyo wote wana heshima ya kutajwa. Katika kauli ya kutendwa, aliyepigwa ndiye anayebaki kuwa kiima cha sentensi, na mpigaji aweza kuachwa bila kutajwa kabisa. Mtu husema "tulipigwa" na kila msikilizaji akaelewa.

Jambo la pili la kisarufi linalohusika hapa ni kiambishi -ka- cha masimulizi. Kiambishi hiki, kama wanaisimu wengi walivyokwisha kueleza, hakijitegemei katika kuonyesha wakati. Huegemea kitenzi kilichotangulia na kukiendeleza. Chukua sentensi hii: "Walitua bandarini, wakapandisha bendera, wakadai ushuru, wakakataa kusikiliza." Kitenzi cha kwanza kimeweka wakati, na vingine vimefuatana kama watu katika njia nyembamba. Huo ndio uti wa mgongo wa masimulizi ya utenzi. Ubeti wa vipande vinne vya mizani minane minane, ambamo vipande vitatu vya kwanza hukubaliana vina na cha nne huchukua kina cha bahari kinachorudi tangu mwanzo hadi mwisho, umeundwa ili tendo lifuate tendo.

Mfuatano wa -ka- unafaa sana kwa kusimulia mapigano, kwa sababu mapigano yana watendaji, yana mahali na yana mfuatano. Haufai vivyo hivyo kwa kusimulia hali isiyo na mtendaji anayeonekana na isiyo na saa ya kuanza: njaa, maradhi, kungoja mtu asiyerudi. Ili kuyasema hayo, mtunzi hana budi kuukata mfuatano, asimame, na atumie lugha ya aina nyingine: lugha ya maombolezo, ya dua, ya mawaidha au ya kumsemesha aliyekufa. Tutakapoziangalia tenzi zetu, tuangalie ni wapi mtunzi anapolazimika kusimama.

3.0 Urithi: Vita Vilivyokuwa Mbali

Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Bwana Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728. Ni miongoni mwa tenzi za kale kabisa ambazo hati zake zimetufikia, na kwa ukubwa wake na hadhi yake ulikuwa kielelezo kwa watunzi waliofuata. Kisa chake ni vita baina ya majeshi ya Mtume na Kaisari wa Rumi, Herekali, na chanzo chake ni kulipiza kifo cha Jaafari bin Abi Talib, aliyeuawa katika vita vya Muta mwaka 629.

Jambo ambalo halina budi kusisitizwa ni kwamba katika safari ya Tabuk ya mwaka 630, kama historia ya Uislamu inavyoieleza, jeshi la Waislamu lilifika likarudi bila kupambana na Warumi. Vita vikubwa tunavyovisoma katika utendi ni vita vya masimulizi. Mshairi wa Pate aliyekaa mbali na Shamu kwa mwendo wa bahari na jangwa, na mbali na tukio lenyewe kwa zaidi ya miaka elfu moja, alikuwa na uhuru kamili wa kuvijenga vita kama vinavyopaswa kuwa: barua na wajumbe kwanza, kisha hesabu ya mashujaa, kisha mashujaa wawili wawili wakikabiliana, kisha majeshi kuchanganyika, na mwishoni haki kushinda. Kila hatua ya muundo huo ni ya kutendana. Hata adui ana jina, nasaba, farasi na ulimi wa kujibu.

Haina maana kwamba Waswahili wa zama hizo hawakuvijua vita vya kweli. Pate, Lamu na Mombasa zilipigana mara kwa mara, na mapigano ya Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810, ambamo majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu, yaliacha alama kubwa katika siasa za pwani. Lakini vita hivyo vya karibu vilikuwa na ushairi wake. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840), ambaye mashairi yake yalihaririwa na W. Hichens mwaka 1940 na kuchunguzwa kwa kina na Mohamed H. Abdulaziz mwaka 1979, aliwajibu mahasimu wa mji wake kwa bahari ya shairi. Shairi la namna hiyo lilikuwa sehemu ya vita vyenyewe: lilimsemesha adui, likamkejeli, likawahimiza wenzi, likangoja jibu. Halikuhitaji kujua mwisho wa vita, kwa sababu lilitungwa vita vikiendelea.

Kwa jumla, basi, tunaweza kusema kulikuwa na mgawanyo wa kazi. Vita vilivyokuwa mlangoni vilisemwa kwa shairi. Vita vitukufu vya mbali vilisimuliwa kwa utenzi. Mgawanyo huo ndio uliovunjika Wadachi walipofika Mrima.

4.0 Hemedi bin Abdallah: Utenzi Waletwa Nyumbani

Kwa mkataba wa Aprili 1888, Seyyid Khalifa bin Said wa Unguja aliikabidhi kampuni ya Wadachi mamlaka ya kuendesha ushuru na utawala wa Mrima. Mwezi Agosti mwaka huo mawakala wa kampuni walianza kuzishika bandari, na huko Pangani vitendo vya wakala Emil von Zelewski kuhusu bendera ya Seyyid viliwasha moto uliokuwa ukifuka. Watu wa Mrima walisimama chini ya viongozi kama Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Serikali ya Udachi ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la askari wa kukodi kutoka Misri na kusini mwa Afrika. Mei 1889 ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo ilivunjwa. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Mwaka uliofuata Bwana Heri alisalimu amri.

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alikuwa mwanachuoni wa pwani hiyo hiyo. Utenzi wake, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliohaririwa na kufasiriwa na J. W. T. Allen, unabeba katika jina lake mwaka 1307 wa Hijra, yaani kati ya Agosti 1889 na Agosti 1890. Kwa vipimo vyote vitatu tulivyovitaja, Hemedi alikuwa karibu: mahali pake, wakati wake na hasara yake.

Tutazame kwanza jina la utenzi, ambalo mara nyingi hupitwa bila kuchunguzwa. Hata kama majina ya tenzi hupokelewa kutoka kwa wanakili na wahariri pia, namna yalivyoundwa hutuonyesha jinsi jamii ilivyovielewa vita. Kutamalaki ni kumiliki, kushika ufalme wa kitu. Kiima cha kitenzi ni Wadachi na yambwa ni Mrima. Jina lenyewe limekwisha kukiri matokeo. Hapana kutendana hapa. Yuko aliyetamalaki na iko nchi iliyotamalakiwa. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba utenzi huu hautaishia pale tenzi za vita zilipozoea kuishia.

Ndani ya masimulizi, Hemedi anautumia urithi wa utanzu kwa kadiri anavyoweza. Mahusiano ya Wadachi na Seyyid wa Unguja yana nafasi kubwa, kama vile wajumbe na barua walivyokuwa na nafasi katika tenzi za kale. Mgongano unawekwa katika sura ya Waislamu na wavamizi wasio wa dini yao. Viongozi wa Mrima wanapewa majina na matendo. Hadi hapo umbo linamtumikia. Lakini katika tenzi za kale, sura hiyo ya waumini na makafiri ilikuwa na ahadi ndani yake: waumini watashinda. Mizinga ya manowari haikuitimiza ahadi hiyo.

Hapa ndipo inapofaa kukumbuka kazi nyingine za mtunzi huyu. Hemedi alitunga pia Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani na Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali. Huu wa pili unahusu kisa cha Karbala cha mwaka 680, ambamo mjukuu wa Mtume aliuawa pamoja na jamaa zake na watu wachache aliokuwa nao. Katika kisa hicho, aliyeshindwa uwanjani ndiye mwenye haki, na aliyeshinda ndiye mwenye aibu. Maana yake ni kwamba mshairi huyu alikuwa anakifahamu kielelezo cha pili cha kusimulia vita, nje ya kile cha Tambuka: kielelezo cha kushindwa kusikoondoa heshima. Ninapendekeza kwamba utenzi wa Wadachi usomwe kwa kuwekwa baina ya vielelezo hivyo viwili. Mtunzi anaanza katika njia ya Tambuka kwa sababu ndiyo njia ya utanzu. Anamaliza katika kivuli cha Karbala kwa sababu ndiko matukio yalikompeleka. Mkazo unaotokea baina ya njia hizo mbili ndio ushahidi wake mkubwa wa vita, kuliko hata tarehe na majina.

5.0 Abdul Karim bin Jamaliddini: Karibu kwa Mahali, Mbali kwa Hasara

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi na kuenea hadi Ungindo, Mahenge, Ungoni na kwingineko kusini, vikaendelea hadi 1907. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye dawa yake ya maji ndiyo iliyoviunganisha vita na kuvipa jina, alinyongwa mapema mno, tarehe 4 Agosti 1905. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi, ambao ulichapishwa pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1933, na baadaye, mwaka 1957, ukatolewa na W. H. Whiteley pamoja na tafsiri ya Kiingereza na utangulizi wa kihistoria wa Margaret Bates.

Utenzi huu umesomwa kwa namna mbili. Wapo waliomwona mtunzi kama sauti ya watawala, na wapo waliosikia ndani yake uchungu uliofichwa. Kwa kigezo cha umbali, mabishano hayo yanapungua ukali. Abdul Karim alikuwa karibu kwa mahali na kwa wakati. Lakini alikuwa mtu wa mji wa pwani, mwenye elimu ya dini, na wapiganaji wengi walikuwa watu wa bara walioweka imani yao katika dawa ambayo mtu wa elimu yake hangeweza kuikubali. Kwa hiyo sura ya waumini na makafiri, iliyomsaidia Hemedi kuwapanga watu wake na adui zake, haikumfaa Abdul Karim. Upande mmoja ulikuwa na wageni wasio wa dini yake. Upande wa pili ulikuwa na majirani waliobeba uganga. Utenzi uliofundishwa kuzipanga pande mbili ulimkuta mtunzi asiye na upande wa kuuita wake kwa moyo mmoja. Kinachoonekana kwetu kama kigeugeu chaweza kuwa hali halisi ya mtu wa Lindi katika mwaka 1905.

Jina la vita lenyewe linahitaji kutazamwa tena. Hivi si vita vya watu fulani kutenda jambo fulani. Ni vita vya maji. Watendaji wa pande zote mbili wametoka katika jina, na kilichobaki ni kile kilichoaminiwa.

Kuna jambo zito zaidi. Serikali ya Udachi ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliwakadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu kubwa kabisa ya watu hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa na maradhi, baada ya majeshi ya Wadachi kuchoma vijiji, kuteketeza mashamba na kutwaa akiba ya chakula. Hivyo, kwa watu wengi wa kusini, vita vilikuwa kupigwa bila kupigana: mama aliyetafuta mizizi porini hakuwa na adui mbele yake wa kujibizana naye.

Utenzi wa vita umefunzwa kusimulia risasi. Njaa haina jemadari, haina siku ya kuanza, na haiingii kwa urahisi katika mfuatano wa -ka-. Sidai kwamba mtunzi hakuijua njaa. Mtu wa Lindi wa miaka hiyo hakuweza kutoijua. Ninadai kwamba utanzu aliouchagua ulimpa nafasi kubwa ya boma lililovamiwa na kiongozi aliyekamatwa, na nafasi finyu ya ghala lililochomwa. Ushahidi wa upande huo wa pili ulihifadhiwa katika masimulizi ya mdomo. Sehemu kubwa yake ilikusanywa mwaka 1968 na 1969, wakati wanafunzi wa Dar es Salaam walipokwenda vijijini kuwahoji wazee chini ya uongozi wa wanahistoria, Gwassa akiwa mmoja wao. Wakati huo zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita.

6.0 Shaaban Robert: Umbo Linapotulia

Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945 wa Shaaban Robert ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Una beti zipatazo 3,000, yaani vipande 12,000 hivi, na ni miongoni mwa kazi ndefu kabisa za ushairi wa Kiswahili. Mtunzi, aliyekuwa mtumishi wa serikali Tanganyika, hakuwa Ulaya wala Asia. Vita vilimjia kupitia habari za magazeti na redio.

Kwa kigezo chetu, hapa tumerudi katika hali inayokaribiana na ya Bwana Mwengo. Vita viko mbali. Pande ni mbili na zimetengana wazi. Dhulma inajulikana kwa jina la Hitler na Mussolini. Na mwisho ni ushindi. Ndiyo maana umbo la utenzi linaonekana kutulia mikononi mwa Shaaban kuliko mikononi mwa watunzi wawili waliomtangulia. Urefu wa kazi hiyo ni dalili ya utulivu huo. Mtu aliye ndani ya nyumba inayoungua hatungi beti 3,000. Anayeuona moshi kwa mbali aweza kuueleza kwa upana, na hata kuutafakari.

Lakini umbali wake haukuwa kamili. Vijana wa Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Bukini mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944. Vita vya wengine vilikuwa na damu ya watu wa nyumbani. Aidha, jina alilolichagua lina uzito wa pekee. Vita vya Wadachi viliitwa kwa tendo la mshindi, vya Maji Maji kwa dawa. Hivi vinaitwa kwa lengo: uhuru. Neno hilo liliandikwa na raia wa nchi iliyotawaliwa, kuhusu vita ambavyo mtawala wake alivipigania kwa jina la uhuru. Shaaban hakulazimika kueleza mgongano huo. Nomino moja ilitosha. Msomaji wa mwaka 1967, aliyekwisha kuuona uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, alilisoma jina hilo kwa maana ambayo udhibiti wa miaka ya vita haungeiruhusu isemwe wazi.

7.0 Muhanika na Ushindi wa Taifa

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania ingempiga mvamizi, akitaja uwezo, sababu na nia. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka 1981 Henry Muhanika alichapisha Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada.

Kwa mara ya kwanza katika mfululizo wetu, vita vilikuwa karibu na ushindi ulikuwa wa nyumbani. Umbo la kale na tukio jipya vilikutana bila kugombana: uchokozi, wito, kukusanyika kwa majeshi, safari, ushindi. Yule adui wa tenzi za kale, mwenye majivuno na ulimi mrefu, alipatikana akiwa hai na bila kuhitaji kupambwa.

Hata hapa jina linatufunza. Anguko linatokana na kuanguka, kitenzi kisichohitaji mtendaji wa nje. Mtunzi angaliweza kusema kuangushwa, na hapo swali la nani aliyemwangusha lingalijitokeza. Kwa kuchagua anguko, kuporomoka kwa dhalimu kunakuwa kama jambo lililomo ndani ya dhuluma yenyewe. Ni fasiri ya kimaadili, na inaafikiana na mafundisho ya tenzi tangu zamani.

Hata hivyo, msomaji wa leo anabaki na maswali ambayo ushindi uliyafunika. Watu wa Kagera waliokimbia makazi yao, familia zilizopokea taarifa badala ya kijana, na miaka ya kufunga mikanda iliyofuata: hayo yote ni ya kauli ya kutendwa. Utenzi wa ushindi huyagusa katika kupita tu, kwa sababu jeshi halina budi kuendelea na safari na -ka- haina budi kufuatwa na -ka- nyingine.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba utenzi ulikuwa mwepesi pale vita vilipokuwa mbali au vilipoishia kwa ushindi, na ulikuwa mzito pale mtunzi alipokuwa miongoni mwa walioshindwa, au alipokosa upande. Kwa hiyo, tusiupime utenzi wa Hemedi au wa Abdul Karim kwa ulaini wa masimulizi. Mahali panapokwama ndipo tajiriba ya vita inapoonekana, na mwalimu anayewaambia wanafunzi wake wapaone hapo kuwa ni kasoro ya fani amewanyima somo lenyewe.

Matokeo ya pili yanahusu ukusanyaji. Ikiwa tutaendelea kuuita ushairi wa vita ule tu unaosimulia mapigano, tutakuwa tumewachagua mapema wale waliopigana na kuwaacha wale waliopigwa. Nyimbo za wanawake, maombolezo, ngoma za beni zilizoiga gwaride la askari na ambazo Terence Ranger alizichunguza mwaka 1975, na hata jina la mtaa kama Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ni sehemu ya jibu la wasemaji wa Kiswahili kwa vita. Wapagazi walikufa zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa silaha, na mtaa huo ni miongoni mwa kumbukumbu zao zinazotamkwa kila siku.

Jambo hili si la makavazi peke yake. Kiswahili ni lugha ya mamilioni ya watu mashariki mwa Kongo, ambako vita vimerudi mara kwa mara tangu 1996, na ambako mji wa Goma ulitekwa tena Januari 2025. Vijana wa huko wanatunga kwa Kiswahili chao, mara nyingi bila mizani wala vina tulivyovizoea, na mara nyingi kwa kauli ya kutendwa. Tukiwapima kwa kipimo cha Tambuka, tutawaona hawajui kutunga. Tukiwasikiliza kwa kigezo cha umbali, tutatambua kwamba wao wako karibu kuliko mtunzi yeyote tuliyemtaja hapa. Ushahidi wa njaa ya Maji Maji ulingoja miongo sita ndipo ukaandikwa kwa wingi, na wengi waliokuwa nao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kuhakikisha kwamba ushairi wa waliopigwa safari hii unakusanywa wakati watunzi wake wangali hai, na kwa lahaja waliyoutungia.